Neno Lililokunjwa

Wafanyakazi wenzake walimwita Kituo, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitembeza wageni kwenye ngome ya zamani iliyo juu ya kilima, na kila aliposimama alitangaza: "Kituo cha kwanza, lango. Kituo cha pili, handaki." Vituo vilikuwa kumi na viwili. Ziara nzima ilichukua dakika hamsini, ukiondoa muda wa wale wanaotaka kupigwa picha wamepanda juu ya mzinga, jambo ambalo yeye alilikataza na mkata tiketi akalifumbia macho.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, mwembamba, shati lake la kaki limepigwa pasi mpaka kwenye pindo. Alijua mzinga upi ulipasuka na upi haukuwahi kufyatuliwa. Likizo zake alizitumia kuzuru ngome nyingine, minara mingine ya kumbukumbu, na makaburi ya askari yaliyo mbali na kwao, na mkewe, ambaye ni mshonaji, alikuwa amezoea kumshikia mwavuli wakati yeye amevua kofia anasoma majina kwenye mawe, moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini.

"Wenzangu wakipata likizo wanapelekwa kwa mashemeji," mke alikuwa akimwambia. "Mimi napelekwa kwa marehemu nisiowajua."

"Hao hawakuombi kitu," yeye humjibu.

"Na hawaulizi hata kama nimekula."

Walicheka, wakaendelea na jiwe linalofuata. Hakuna aliyeweza kusema kwamba mtu huyu hakuwaheshimu wafu. Ndiyo maana kosa lake ni zito kuliko lingekuwa la mtu asiyejali. Asiyejali angalau hajidai.

Ngome ile ilizingirwa kwa siku thelathini na moja katika vita ambavyo waliovipigana wote wamekwisha kuzikwa. Ndani walikuwamo watu sitini na wanane, askari na wapagazi, na karani wa kikosi aliandika orodha yao kwa lugha yetu, kwa wino, mwandiko mzuri wa kulala upande mmoja. Safu ya mwisho ya orodha ilieleza kilichompata kila mtu. Aliuawa. Alijeruhiwa. Aliugua. Alibaki hadi mwisho. Karatasi hiyo ilitiwa kwenye fremu yenye kioo na kutundikwa katika chumba cha hati, na miaka mingi baadaye, ukuta wa majina ulipojengwa, waliochonga majina waliyanakili kutoka kwenye fremu hiyo.

Walichonga majina sitini na saba. Mtu wa arobaini na moja, mpagazi, walimwacha, kwa sababu mbele ya jina lake palisomeka "alikimbi", kisha ukingo wa karatasi. Kila aliyesoma alimalizia mwenyewe. Alikimbia.

Hicho ndicho kilikuwa kituo cha saba, na ndicho kilichompa Kituo sifa. Aliwasimamisha wageni mbele ya ukuta, akainua fimbo yake.

"Orodha ina watu sitini na wanane. Ukuta una sitini na saba. Mmoja yuko wapi?"

Wageni walitazamana. Yeye alitaja jina la yule mpagazi, la kwake, la baba yake na la babu yake, kama lilivyoandikwa.

"Huyu ndugu yetu aliona vita ni vya wenye nafasi. Akakaza mkanda, akatoka. Wanasema mpaka leo bado anakimbia. Mkimkuta barabarani, tafadhali mwambieni vita vimekwisha."

Walicheka kila mara. Kilima kile kilikuwa cha huzuni, wageni walikuwa wamepitishwa chumba cha majeruhi na shimo la baruti, na kufika hapo walikuwa wakitafuta mahali pa kucheka. Katika kitabu cha wageni watu waliandika: mwongozaji ni mcheshi sana. Wengine walifika getini wakiuliza kama leo yupo yule mzee wa mbio.

Kwa miaka minane ya mwanzo alisema hivyo kwa kutojua. Tumwachie hiyo minane.

Katika mwaka wa nane mchwa waliingia kwenye fremu. Fundi seremala alitengeneza nyingine kwa vipimo vilevile, na Kituo, ambaye hakumwamini mtu mwingine kuigusa orodha, alijifungia katika chumba cha hati aihamishe mwenyewe. Alipoitoa karatasi aliona kwamba haikuishia pale ilipoonekana kuishia. Mtu aliyeiweka zamani alikuwa na fremu ndogo, akaikunja karatasi upande wa kulia, upana wa vidole viwili, na kuulaza ule mkunjo kwa nyuma. Kwa watu sitini na saba mkunjo haukuficha kitu, maana maneno yao yalikuwa mafupi. Kwa mtu wa arobaini na moja jina refu lilikuwa limeyasukuma maelezo kuelekea ukingoni, na karani alikuwa ameandika zaidi. Kituo aliukunjua mkunjo kwa kucha, polepole, akasoma:

"Alikimbilia majeruhi mtoni, hakurudi."

Silabi moja tu. Kwa lugha yetu, anayekimbia na anayekimbilia wanatofautiana kwa silabi moja, na katikati ya silabi hiyo mtu anaweza kuwa mwoga au anaweza kuwa amekufa kwa ajili ya wenzake.

Wiki ile ulikuwa unakuja ugeni mkubwa kutoka makao makuu, na mhifadhi wa wakati ule alikuwa amemwambia, "Kile kituo chako cha saba usikikose." Alijiambia atasema ugeni ukishapita. Alijiambia vilevile kwamba fremu ni ndogo na hakuna nyingine. Hilo la pili lilikuwa kweli, na ukweli wa namna hiyo, unaochukuliwa kufunika mwingine, ni mbaya kuliko uongo. Akaikunja karatasi palepale ilipokuwa imekunjwa, kwa mikono yake, akaikaza skrubu.

Ugeni ulicheka sana. Alipewa cheti.

Kisha ikapita miaka kumi na moja. Mtu akiuliza ilipitaje, jibu ni kwamba ilipita siku moja moja. Alijaribu mara kadhaa kukiruka kituo cha saba, na kila mara mgeni mmoja alikumbusha: "Mzee, na ile ya mbio?" Akaisema upesi upesi, akitazama viatu vya watu. Nao walicheka zaidi, wakidhani kutocheka kwake ni sehemu ya mzaha.

Mwanzoni mwa mwaka huu mgeni mmoja alimrekodi kwa simu, na video ikasambaa. Mkata tiketi, mwanamke mchangamfu anayejua habari za kila mtu, alikuja nayo mbio.

"Kituo, umekuwa mtu maarufu, kaka. Shemeji yangu yuko mbali huko, nimemtumia, amecheka mpaka machozi."

Aliisikia sauti yake ikilitaja jina la marehemu lote, mpaka la babu, halafu kicheko. Akamrudishia simu.

"Hufurahi?"

"Nimefurahi," alisema. "Lete funguo za chumba cha baruti."

Wiki tano baadaye, siku ya Jumanne, katika kundi la watu kama kumi na watano, alikuwamo mama mzee aliyevaa gauni la bluu na koti jepesi. Mwanawe, dereva wa lori, mtu wa mabega mapana, alimbebea kiti cha kukunja, na kila kituo alikifungua mamaye akakaa. Mama alisikiliza kama mwanafunzi. Hakuuliza kitu langoni, wala handakini, wala kwenye chumba cha majeruhi.

Walipofika ukutani alikiweka kiti chake mbele kabisa. Kituo aliinua fimbo, akaanza. Mgeni mmoja alimgusa mwenzake, "Ndiyo hii," akatoa simu. Kituo alisema yote, hadi "vita vimekwisha". Watu wakacheka. Mama mzee aliinua mkono.

"Mwanangu, hilo jina ulilolitaja. Lirudie."

Akalirudia.

"Ni la baba yangu," mama alisema. "Nilikuwa tumboni alipoondoka. Wewe endelea, usiwakatizie wenzako ziara. Mimi nitakusubiri hapa."

Aliyekuwa akirekodi aliirudisha simu mfukoni. Kituo alivimaliza vituo vitano vilivyobaki, na kwenye kituo cha kumi alisema idadi ya mizinga isiyo sahihi, kitu ambacho hakijawahi kumtokea. Hakuna aliyemsahihisha. Kundi lilitawanyika bila hata mmoja kuomba kitabu cha wageni.

Aliporudi aliwakuta palepale. Aliwaongoza hadi chumba cha hati, dereva akimshika mama mkono kwenye ngazi tatu za mlangoni.

"Macho yangu yamebaki ya kuonea milango na watu," mama alisema mbele ya fremu. "Nisomee."

"Namba arobaini na moja." Akasoma jina. "Mpagazi. Alikimbia."

"Umesoma au umemalizia?"

Dereva aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo. "Mama, imeandikwa alikimbi. Halafu karatasi basi."

"Hakuna neno kama hilo."

"Labda alikimbizwa. Labda alikimbizana na mtu. Maneno ni mengi hapo."

"Mimi nimeishia darasa la nne," mama alisema, "lakini neno lililokatwa nalijua. Karani aandike vizuri hivi watu wote hawa, afike kwa baba yangu tu, aishiwe wino?" Akamgeukia Kituo. "Wewe ndiye unayeitunza. Kuna kingine?"

Hapo alikuwa na nafasi. Chumba kilikuwa na watu watatu, mlango umefungwa, na bisibisi iko kwenye mtoto wa meza hatua nne kutoka pale aliposimama.

"Karatasi imeishia hapo, mama," alisema.

Mama alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Hakuonekana kukasirika. Alieleza, kama anayemweleza jirani, kwamba huko kwao video imefika kwa kila mtu, kwamba wajukuu zake wakitumwa dukani wakichelewa wanaulizwa kama nao bado wanakimbia, kwamba mkubwa wao ameacha kwenda mazoezi ya mpira kwa sababu ya jina alilopewa huko. "Mimi nimezeeka, hainiumizi sana. Ila nilitaka kuja nione mwenyewe, nisiambiwe na simu. Daktari amesema safari ya namna hii nisirudie. Sasa nimeona." Wamepanga chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na kituo cha basi, alisema, na basi lao litaondoka kesho saa mbili asubuhi.

"Asante kwa kutusomea," dereva alisema, akakikunja kiti.

Mchana ule Kituo alikwenda ofisini kwa mhifadhi, mwanamke kijana mwenye mafaili mengi, aliyehamishiwa pale mwaka uliopita. Hata huko hakusema kweli. Alisema, "Nahisi kama kuna maandishi yamefichwa chini ya fremu ya orodha."

"Unahisi?"

"Nahisi."

"Basi andika barua, tumwite mtaalamu wa hati kutoka makao makuu. Usiiguse kabla hajaja. Miezi mitatu, minne hivi, si zaidi."

Alipotoka alijikuta amepumua. Miezi mitatu, minne. Mama atakuwa kwake, pengine hatakuwapo kabisa, na barua itajibiwa na mtu mwingine. Aliteremka kilima akiwa na nafuu hiyo kifuani, na katikati ya njia ndipo alipotambua ni nafuu ya kitu gani: alikuwa ameanza kutumaini kifo cha mtu.

Nyumbani alimkuta mkewe kwenye cherehani, jua bado halijazama, kitambaa cha sare za shule kimetandazwa mpaka sakafuni. Akakaa kwenye kigoda, akamsimulia yote. Mkewe aliendelea kushona mpaka aliposikia habari ya mkunjo. Akaondoa mguu kwenye pedali.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ile fremu ya kwanza ilipoliwa na mchwa."

"Mwaka tuliohamia nyumba hii."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo makaburi yote tuliyokwenda, ulikuwa unajua." Aliitazama sindano. "Mimi nakushikia mwavuli, wewe umevua kofia, unasoma watu majina yao. Nilikuwa najisifia kwa dada zangu. Nawaambia, mume wangu hata maiti ya mtu asiyemjua anaipa heshima yake."

Kituo aliokota kipande cha uzi sakafuni, akakizungusha kidoleni.

"Na leo huyo mama umemwambiaje?"

"Nimemwambia karatasi imeishia hapo."

"Basi usinisimulie habari ya miaka kumi na moja. Hilo ni la leo."

"Nikisema watanifukuza kazi."

"Unanitaka ushauri au unataka nikuonee huruma? Huruma ninayo, lakini nikikupa utalala nayo usingizi." Akaurudisha mguu kwenye pedali. "Basi ni saa mbili, umesema."

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, alikuwa mlangoni pa nyumba ya wageni. Dereva alikuwa akifunga mizigo kwa kamba.

"Nitaifungua fremu," Kituo alisema. "Njooni kabla ya basi."

"Si umesema karatasi imeisha?"

"Njooni tuone."

Dereva alimtazama, akamshika bega kwa mkono mzito. "Kaka, Mungu akubariki. Umelifikiria usiku kucha, naona kwenye macho." Akaingia ndani kumwita mamaye.

Baraka ile ilimwuma Kituo njia nzima ya kupanda kilima, katika teksi waliyoikodi, mama amekaa mbele.

Mkata tiketi ndiyo kwanza alikuwa anafungua geti. Alipoona sura zao aliwafuata bila kuulizwa. Katika chumba cha hati Kituo aliishusha fremu, akailaza mezani juu ya kitambaa safi, akafungua skrubu kwa bisibisi. Alikuwa anavunja amri ya mhifadhi, na hilo nalo ni kosa, lakini siku ile alikuwa na makosa ya kuchagua. Aliinua kioo. Akaugeuza ule mkunjo. Ulifunguka kwa urahisi, bila kuchanika, kwa sababu ulikuwa umewahi kufunguliwa.

Akasoma: "Alikimbilia majeruhi mtoni, hakurudi."

Dereva alisoma mwenyewe, midomo ikicheza, kisha akageukia ukuta akaweka kiganja usoni.

"Niwekee kidole hapo," mama alisema.

Kituo aliushika mkono wake, mwepesi, akakiweka kidole chini ya neno, bila kugusa wino.

"Alikimbilia," mama alisema. "Mtoni." "Mama yangu alikufa anasema, angekuwa mzima angerudi. Watu wakimwona mjinga." Machozi yalimtoka bila sauti. Kwa mkono wa pili akaushika mkono wa Kituo, akaubana. "Na wewe mwanangu hukulala. Umejitesa kwa ajili ya watu usiowajua. Mzazi aliyekuzaa alizaa."

"Ngoja nichukue picha," mkata tiketi alisema huku anapangusa macho. "Watu waone na hii. Kituo, simama karibu na mama."

Dereva alikuja kumpa mkono.

Hakuna aliyekuwa anamshuku. Orodha ilikuwa wazi mezani, marehemu amerudishiwa jina lake, na yeye angetoka pale akiwa mtu aliyegundua. Wengi tungetoka hivyo. Tungejiambia kwamba la muhimu limefanyika.

"Usipige picha," alisema. "Mama, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Haya maneno. Niliyasoma miaka kumi na moja iliyopita. Nilikuwa nabadilisha fremu. Nikaikunja tena karatasi kama ilivyokuwa. Ni mimi niliyeikunja, kwa mikono hii. Na jana uliponiuliza nilikudanganya."

Mama aliuondoa mkono wake. Aliuondoa taratibu, kama mtu anayeondoa mkono kwenye chombo cha moto bila kutaka wengine wajue ameungua. Dereva alipiga hatua moja, na mamaye akasema, "Wewe, kaa," naye akasimama alipokuwa.

"Ningekufa mwaka jana?" mama aliuliza.

"Ungekufa hujui, mama."

"Na wewe ungeendelea kuwachekesha."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Alitafuta jibu. Alikuwa na mengi: ugeni, cheti, fremu ndogo, wageni wanaoomba. Yote aliyaona hayafai kuwekwa mbele ya mtu yule. "Walikuwa wanacheka," alisema. "Nilipenda wakicheka."

Mkata tiketi aliinamisha kichwa. Na yeye alikuwa amecheka, na kuituma video kwa shemeji.

"Kutojua ningekusamehe kabla sijashuka ngazi hizi," mama alisema. "Hili sijui nilifanyeje. Usiniombe, kwa sababu ukiniomba nitasema ndiyo, mimi ni mtu mzima, nimezoea kusema ndiyo, na itakuwa si kweli." Akapangusa uso kwa kiganja. "Waliocheka hapa wametawanyika, hutawapata. Ila kwetu wapo, nawajua kwa majina. Likizo yako lini?"

"Mwezi wa nane."

"Njoo mwezi wa nane. Usitume barua. Uje wewe."

Basi la saa mbili liliwasubiri kidogo, kwa sababu mkata tiketi alimpigia simu mtu anayemfahamu pale kituoni.

Mhifadhi alipofika, Kituo alimwambia yote, pamoja na ile "nahisi" ya jana. Alimsikiliza kalamu mkononi. Alimwondoa kwenye kuongoza wageni, akamweka getini kwa miezi mitatu, na barua ya onyo ikaingia kwenye faili lake. Kuhusu ukuta, alisema jina haliongezwi kwa kauli ya mtu, litaombewa kibali. Ninapoandika haya kibali hakijatoka, na ukuta una majina sitini na saba. Orodha sasa iko kwenye fremu pana, na wageni huisoma yote wenyewe. Mkata tiketi alirekodi maelezo mapya ya kituo cha saba, bila mzaha, akayatuma kwa wote aliowatumia ile ya kwanza. Wengi hawakuyafungua. Shemeji yake alimjibu kwa kumwuliza kama yule mzee mcheshi amestaafu.

Mwezi wa nane Kituo na mkewe walisafiri siku mbili. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kwenda likizo mahali pasipo na kaburi la askari. Njiani mkewe alimwuliza mara moja tu, "Umepanga utakavyosema?" na yeye akasema amepanga, na ndani ya basi alikuwa akinong'ona peke yake, mara anaanza na ngome, mara anaanza na karani, kama alivyozoea kupanga vituo.

Nyumba ya mama ilikuwa na ua wa saruji. Dereva alikuwa amepanga mabenchi. Waliofika walikuwa majirani kumi na wanne, wengine na nguo za kazi, mmoja amelaza mfuko wa saruji miguuni pake. Wajukuu walikaa mlangoni, na yule mkubwa alisimama nyuma yao, mikono mfukoni, kama anayepita tu. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja. Hakumkumbatia mgeni wake. Alimpa maji, akampa mkewe maji, akamwonyesha mahali pa kusimama.

Bila fimbo hakujua mikono aiweke wapi. Alisema jina lake halisi na kazi yake. Alilitaja jina la marehemu, lote, na safari hii watu wa ua ule hawakucheka, ingawa wawili walitazamana. Alieleza habari ya orodha, ya mkunjo, ya maneno yaliyokuwa ndani yake. Alisema kwamba alikosea miaka mingi, kwamba ameomba jina lichongwe, kwamba anaomba radhi kwa familia. Sauti yake ya kazi ilikuwa imemrudia, ile inayojua pa kutua na pa kupanda, na watu walikuwa wameanza kutikisa vichwa kwa masikitiko, na mwenye mfuko wa saruji alisema, "Pole sana, mzee, makosa hutokea."

Mke wake alikuwa anatazama sakafu.

"Haikuwa hivyo," mama alisema kutoka kitini. "Umewaambia ulikosea. Hujawaambia ulijua."

Mjukuu mkubwa alitoa mikono mfukoni.

"Sema tena," mama alisema. "Na sogea huku mbele, yule wa benchi la nyuma hasikii vizuri."

Kituo alisogea. Ile sauti ya kazi ilikuwa imemwacha. Akasema tena, kwa shida, kuanzia siku aliyojifungia katika chumba cha hati.